Fundi, Ukuta na Samaki Wapandaji

Mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mke wa Fundi alichukua beseni na kisu, akashuka mtoni. Wavu hakuchukua. Wavu wa nini? Tangu ukuta ujengwe, samaki walikuwa wanaokotwa tu kama kuni.

Ukuta wenyewe ulijengwa na mumewe. Alikuwa mwashi, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Wakulima wa bondeni walitaka maji yaingie kwenye mfereji wa mashamba yao. Walichanga, wakamwita. Fundi akaukata mto kwa ukuta wa zege, kutoka ukingo huu hadi ule. Ukuta ulikuwa mrefu kupita kichwa cha mtu. Maji yakajaa nyuma yake, yakaingia mferejini. Yaliyobaki yakapita juu ya ukuta na kuanguka chini kwa kishindo. Mashamba yakastawi. Fundi akasifiwa, na sifa zikamwingia.

Hakuna aliyeuliza samaki watapita wapi.

Samaki hao waliitwa wapandaji. Kila mvua kubwa zilipoanza, walitoka huko chini ambako mto ni mpana. Walipanda kwenda juu, kwenye maji madogo yenye majani, wakataga mayai. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za mababu. Sasa walipanda, wakaukuta ukuta. Waliruka, wakaanguka. Waliruka tena, wakaanguka tena. Mwisho walichoka na kujazana pale chini. Hapo watu walikuja na mabeseni.

"Ukuta huu una baraka," watu walisema. "Maji umeleta, kitoweo umeleta."

Lakini mwaka huo beseni la mke wa Fundi halikujaa.

"Mbona wachache?" Fundi aliuliza. Alikuwa amekuja kumsaidia kubeba.

"Labda wamechelewa."

"Mwaka ule wa kwanza tuliwagawia hata paka wa jirani."

"Sasa paka watatusubiri sisi tumalize," mkewe alisema. Alimpasua samaki mmoja. Tumbo lilikuwa limejaa mayai ya manjano. Akayaweka pembeni. Mayai hayo hukaangwa, na watoto huyapenda sana.

Wakati huo mtu mmoja alikuwa anashuka kutoka juu, anaimba ovyo. Walimjua kabla hawajamwona. Alikuwa mume wa dada yake mke wa Fundi. Jina lake la utani lilikuwa Kicheko. Yeye na Fundi walikuwa wameoa ndugu wawili, kwa hiyo waliitana mwanyumba.

"Hodi wenye mto!" Kicheko alisema. "Nimekuja kuomba kazi ya kuokota."

"Karibu, mwanyumba. Huko juu kwema?"

"Huko juu tuna maji. Tunayanywa, tunayaoga, tunayatazama. Samaki tu ndio hatuna."

Kicheko na mkewe waliishi upande wa juu wa mto, kupita ukuta. Mkewe, ambaye watu walimwita Dada Mkubwa, alikuwa mkaushaji wa samaki. Zamani moshi wa chanja lake la kukaushia ulionekana hata huku chini. Wanunuzi walimfuata nyumbani. Watoto wake walivaa na kusoma kwa samaki wale wale.

"Dada yako amezima moto," Kicheko alimwambia mke wa Fundi. "Juu ya chanja sasa wanalala kuku. Na sisi jana tumelalia uji mtupu."

"Mbona hamkusema, shemeji?"

"Tumesema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Alicheka alipokuwa anasema hivyo. Kwa hiyo nao walicheka. Ndiyo shida ya mtu wa mzaha. Hata akilia, watu humpigia makofi.

Kicheko akakunja suruali, akachukua wavu wake, akaelekea kwenye ukuta. Samaki wengi walikuwa pale pale maji yanapoangukia, kwenye povu.

"Usisogee hapo," Fundi alimwambia. "Pana utelezi."

"Huo utelezi si umeujenga wewe, mwanyumba? Mbona unausema vibaya?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alikanyaga zege lenye ukungu wa kijani, mguu ukateleza, akaingia kwenye povu.

Kicheko alijua kuogelea tangu utotoni. Lakini maji yanayoanguka kutoka ukutani hayaendi mbele moja kwa moja. Yanachimba chini, yanageuka, yanarudi ukutani. Yanazunguka hivyo bila kuchoka. Mtu akiingia humo anarudishwa chini kila anapotaka kutoka. Fundi alitupa kamba. Mkono wa Kicheko ulionekana, ukapapasa ukuta, ukakosa pa kushika. Ulionekana mara nyingine. Kisha hawakuuona tena.

Walimpata mchana, mbali huko chini, mahali mto unapotulia.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake, kule juu kupita ukuta. Fundi alikwenda kutoa pole. Alimkuta Dada Mkubwa amekaa chini, nguo imemfunika mabega, watoto wamemzunguka. Alipiga magoti.

Dada Mkubwa alimtazama.

"Ukuta wako ni laini sana, Fundi," alisema. "Hata mahali pa kushika hapana."

Siku zote alikuwa akimwita shemeji. Siku hiyo alimwita Fundi. Baada ya hapo hakumwita chochote. Walipokutana njiani, alipita. Alipokuja kumwona mdogo wake, aliongea na mdogo wake tu, kana kwamba Fundi ni kiti.

Siku moja alimwambia mdogo wake, Fundi akisikia, "Nitangoja mvua zijazo. Samaki wasipofika, sina la kufanya kule juu. Watoto nitawagawa kwa ndugu, mmoja mmoja. Nyumba nitaifunga."

"Dada, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Baba yao alikuja kuwatafutia chakula. Unajua alichopata."

Fundi hakulala vizuri tena. Akifumba macho aliuona ule mkono. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na kukaa kabisa. Asubuhi moja alisimama mbele ya ukuta, akauangalia muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe, "Nitawajengea samaki njia."

"Unajua kujenga njia ya samaki?"

"Najua kujenga. Samaki wakitaka kupanda, si nitawawekea mteremko?"

Alifanya kazi hiyo peke yake, bila kulipwa, kila alipotoka kwenye kazi zake nyingine. Alijenga mteremko wa zege kutoka juu ya ukuta, pembeni, mpaka chini. Aliunyoosha kama rula. Chini aliumalizia mbali na ukuta, kando ya ukingo mkavu, kwa sababu pale alipata pa kusimama akijenga. Kisha akaupiga lipu. Akaulainisha kwa mwiko, akarudia, akarudia tena. Nzi angetua pale angeteleza.

"Umeusugua kama sakafu ya sebuleni," mkewe alisema.

"Samaki ana tumbo laini, na hawa wana mayai. Nikiacha kokoto zitawachubua."

Alisema kwa upole kabisa. Hakuna jambo baya alilolifanya Fundi kwa nia mbaya. Ndiyo maana yaliuma hivyo.

Mvua zilipokuja, samaki walikuja, wachache kuliko mwaka uliopita. Waliupita mdomo wa mteremko bila hata kugeuka. Walikwenda moja kwa moja kwenye kishindo cha ukuta, kama siku zote, wakaanza kurukaruka. Wachache sana waliuona mteremko na kuingia. Maji humo yalishuka kwa kasi kama risasi. Samaki walipigana nayo, wakafika kati, wakarudishwa. Walijaribu mpaka nguvu zikawaishia. Wengine walitupwa nje, wakakauka pembeni ya zege zuri la Fundi.

Dada Mkubwa alishuka kuangalia. Aliinama, akamwokota mmoja aliyekufa, mwenye tumbo kubwa la mayai. Akamweka chini mbele ya miguu ya Fundi. Kisha akageuka, akapanda kwenda kwake.

Wiki hiyo hiyo binti yake mkubwa alipelekwa kwa ndugu wa mbali kwenda kulea watoto wa watu. Aliondoka na mfuko mmoja. Wadogo zake walimsindikiza mpaka barabarani, wakarudi wanalia.

Jioni hiyo mke wa Fundi hakupika mapema. Alikaa mlangoni.

"Sasa basi," alimwambia mumewe. "Wewe ni fundi wa kuta. Fundi wa samaki si wewe. Kesho nakwenda ofisi ya uvuvi."

"Watatucheka."

"Watucheke. Dada yangu anagawa watoto, wewe unaogopa kuchekwa?"

Alikwenda. Alirudi na mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na mfuko mgongoni. Alikuwa ofisa wa uvuvi. Watoto walimpa jina siku ile ile: Bibi Samaki. Alilisikia akalipenda.

Bibi Samaki hakusalimiana sana. Aliutazama ukuta, akautazama mteremko. Akapapasa lipu.

"Kazi safi," alisema. "Mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi," Fundi alisema.

"Vua viatu. Panda."

"Mimi?"

"Wewe. Maji yakiwa yanapita hivyo hivyo."

Fundi alipanda. Hatua za kwanza alikwenda vizuri. Kisha maji yakampiga vifundoni, miguu ikamtoka, akateleza kwa makalio mpaka mtoni. Mkewe aliziba mdomo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutaka kucheka tangu msiba.

Bibi Samaki alimpa mkono akamwinua. "Wewe una mikono ya kujishika. Samaki ana mkia tu. Maji yakipita mahali palaini, yanakimbia. Yakipita kwenye mawe, yanapungua mwendo. Umewaondolea samaki mawe."

"Nilidhani yatawachubua."

"Mtoni wanapita wapi kila siku? Kwenye zulia?"

Walikaa ukingoni. Bibi Samaki alichukua kijiti, akachora kwenye tope.

"Nikuulize," alisema. "Ukipanda mlima na mzigo kichwani, unafanyaje?"

"Napanda, nikichoka napumzika. Kisha napanda tena."

"Samaki ni hivyo hivyo. Anaweza kukimbia kwa nguvu kidogo tu, kisha lazima apumzike. Kwa hiyo hatujengi mteremko. Tunajenga ngazi ya vidimbwi. Dimbwi, kizuizi kifupi, dimbwi, kizuizi kifupi. Kila kimoja kiwe juu ya mwenzake kwa kiasi cha upana wa kiganja, basi. Kila kizuizi kiwe na pengo juu kwa wanaopenda kuruka, na tundu chini kwa wasiopenda kuruka. Humo ndani weka mawe. Nyuma ya kila jiwe pana maji yaliyotulia. Samaki anajificha hapo, anapumua, anaendelea."

Fundi alikuwa anasikiliza kwa makini. Kazi anaijua, na swali likamjia.

"Lakini ikipanda polepole hivyo, itakuwa ndefu sana. Mdomo wa chini utaishia kule mbali zaidi ya huu wangu."

"Hapo umeuliza la maana," Bibi Samaki alisema. "Na mdomo ndio kosa lako la pili. Samaki hufuata maji yanayovuma. Wanaosikia kishindo cha ukuta watakwenda ukutani. Wakifika pale hawarudi nyuma kutafuta mlango. Mgeni akija kwako, anabisha hodi panaposikika watu, au anakwenda kuzunguka kwenye banda la kuku?"

"Panaposikika watu."

"Basi mlango uweke pale pale wanapojazana, pembeni ya maporomoko. Na maji yanayotoka mlangoni yawe na nguvu ya kuwaita."

"Na urefu?"

"Ikunje. Ngazi za ghorofa unazijenga vipi?"

Fundi akapiga paja. Ngazi za ghorofa hupanda, hufika kwenye kona, hugeuka, hupanda tena. Aliwahi kuzijenga. Aliona ngazi yote kichwani mwake: inaanzia chini ya ukuta, inakwenda mbali kidogo, inageuka, inarudi na kutokea juu.

"Na kule juu usiitoe ukingoni mwa ukuta," Bibi Samaki aliongeza. "Samaki akitoka amechoka, maji yatamrusha chini tena. Isogeze ndani, pembeni, kwenye maji tulivu."

Mke wa Fundi alikuwa amekaa kando yao. Kisha akauliza, "Na kwa nini kila mwaka wanapungua?"

Bibi Samaki alimtazama. "Waliofika hapa chini mliwafanyaje?"

"Tuliwala."

"Na mayai?"

"Tuliyakaanga."

"Mlikuwa mnakula mwaka unaofuata," alisema Bibi Samaki. Hakusema kwa ukali. Mke wa Fundi aliinamisha kichwa. Alikumbuka watoto walivyogombania yale mayai, na yeye alivyowacheka.

Lilibaki jambo moja, tena gumu. Ngazi inataka maji. Maji yakienda yote mferejini, ngazi inakauka, nayo ngazi kavu ni mtego. Mkutano wa wakulima ukaitishwa kwenye ghala la mbegu. Bibi Samaki alieleza. Wakulima wakanung'unika.

"Tusikilizane," alisema Mwenyekiti wa mfereji, mtu mnene mwenye sauti ya kukohoa. "Mfereji huu ni wa waliochanga. Kila mwenye shamba amelipa. Samaki hajalipa mchango, wala watu wa juu hawajalipa."

Watu wakacheka. Nyuma kabisa mtu akasimama. Alikuwa Dada Mkubwa. Hakuna aliyemwona alipoingia.

"Mimi nimelipa," alisema.

"Mama, jina lako sijaliona kwenye—"

"Nimelipa mume. Ukuta wenu umemchukua. Na mtoto wangu mmoja sasa yuko kwa watu. Nani humu ndani amelipa zaidi yangu? Asimame nimwone."

Hakuna aliyesimama. Mwenyekiti alikohoa, safari hii bila maneno. Watu waliokuwa wamecheka walitazama chini. Dada Mkubwa hakulia. Alikaa, akaiweka mikono mapajani, akangoja.

Walikubaliana siku hiyo. Mdomo wa juu wa ngazi utakuwa chini kidogo kuliko mdomo wa mfereji. Maji yakipungua, ngazi itapata kwanza, mfereji baadaye. Chini ya ukuta yatapangwa mawe makubwa, maji yavunjike na yasizunguke tena kummeza mtu. Hakuna atakayevua chini ya ukuta wala ndani ya ngazi. Na kule juu hakuna atakayevua mpaka samaki wamalize kutaga.

Kiangazi kilipokausha mto, kazi ilianza. Wakulima walisomba mawe, wengine kwa moyo, wengine kwa kununa. Mwenyekiti naye alisomba, na shati lake likachanika mgongoni. Fundi aliuvunja mteremko wake kwa nyundo yake mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine auvunje.

Alijenga dimbwi moja baada ya jingine. Alipima kila kizuizi kwa pima maji. Alipanda mawe kwenye zege bichi, yakatokeza kama meno. Lakini mkono wa mwashi una mazoea yake. Jioni moja Bibi Samaki alimkuta amepiga magoti kwenye dimbwi la juu, anasawazisha sakafu, anailainisha taratibu.

"Fundi! Unafanya nini?"

Fundi alishtuka. "Mkono umejiendea."

"Nipe huo mwiko."

Alimpa. Bibi Samaki akauweka mfukoni mwake, akaondoka nao. Kazi iliyobaki Fundi aliimaliza kwa koleo la zege na vidole, na vidole vilitoka damu.

Mvua zilirudi. Asubuhi ya kwanza mke wa Fundi alishuka mtoni mikono mitupu. Alimkuta jirani mmoja anaingiza dema la kutegea samaki kwenye mlango wa ngazi.

"Ondoa hilo dema."

"Shoga, moja tu. Watoto wangu hawajala samaki mwaka mzima."

"Hata wangu. Wamekula mboga za majani hizo hizo ulizokula wewe. Ondoa."

"Zamani ulikuwa wa kwanza kufika hapa na beseni."

"Ndiyo. Nilikuwa wa kwanza. Ondoa, tafadhali."

Jirani aliondoa, akaenda zake analaumu. Mke wa Fundi alikaa pale pale mpaka mumewe na Bibi Samaki walipofika. Samaki walikuwa wamejazana chini ya maporomoko, wachache, wanyonge. Walipiga vichwa majini huku na huku. Fundi alishika kiuno.

Kisha mmoja akageuka kuelekea maji yanayotoka mlangoni. Aliingia. Alisimama nyuma ya jiwe, mkia unacheza. Akapita kwenye tundu la chini. Akapumzika tena. Mwingine akafuata. Walipanda kwa namna ile ile, kidogo kidogo, dimbwi hadi dimbwi, wakafika kwenye kona, wakageuka.

"Wanapita," alisema mke wa Fundi. "Wanapita, jamani."

Kule juu, mahali ngazi inapotokea, Dada Mkubwa alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Samaki walipita karibu na miguu yake. Hakuwagusa. Aliwatazama muda mrefu, kisha akarudi nyumbani.

Mwaka ule hakuvua sana. Aliruhusiwa baada ya kutaga kwisha, na alipata wa kula tu. Lakini hakufunga nyumba. Maji yalipopungua, watoto waliona samaki wadogo kama sindano kwenye majani, wengi, wanashuka kwenda chini kukua. Mwaka uliofuata wapandaji waliongezeka. Uliokuja baada ya huo waliongezeka zaidi, na moshi wa chanja ukaonekana tena. Binti mkubwa alirudishwa nyumbani. Alikuwa amerefuka, na aliongea kidogo kuliko zamani.

Siku moja, samaki waliotangulia wakiwa wameshataga na wa mwisho bado wanapanda, Fundi alipeleka mzigo wa kuni nyumbani kwa Dada Mkubwa. Alikuwa akipeleka mara kwa mara. Alikuwa akiuweka nje na kuondoka. Siku hiyo alimkuta amekaa kando ya chanja, anafuta moshi machoni. Fundi aliweka kuni chini, akageuka kuondoka.

"Shemeji," Dada Mkubwa alisema.

Fundi alisimama. Alifikiri hakusikia vizuri.

"Hawa ndio aliowafuata baba wa watoto kule chini," alisema, akionyesha samaki waliokuwa juu ya chanja.

"Ndiyo, shemeji."

"Kumbe wangekuja wenyewe. Angekaa tu hapa mlangoni, wangekuja wenyewe."

Machozi yalimtoka Fundi, akayaacha yatoke. "Nisamehe," alisema.

Dada Mkubwa alichochea moto. Aliongeza kuni mpaka moto ukakolea.

"Sijaweza," alisema. "Sitakudanganya, shemeji. Nikiweza nitakuambia." Kisha akatazama upande wa mto. "Mvua ya jana ilikuwa na upepo. Lazima imeleta matawi. Umeiangalia ngazi?"

"Bado."

"Sasa umesimama hapa unangoja nini?"

Fundi alifuta uso, akashuka mtoni karibu anakimbia. Tawi kubwa lilikuwa limeziba mlango wa ngazi, na takataka zimejaa juu yake. Mbele ya tawi, ndani ya maji machafu, wapandaji walikuwa wamejazana wanasubiri. Akaingia majini na nguo zake, akaanza kulivuta.